Injinia Aliyechora Mifupa

Wengi waliomjua Injinia huanza kumsimulia kwa kisa cha nyundo, na mimi sina pa kuanzia pazuri zaidi, kwa sababu siku ile nilikuwapo.

Basi la Nairobi lilikuwa limeleta kipande cha titani ndani ya sanduku dogo, kimefungwa vizuri kama saa ya zawadi. Kilikuwa mfupa wa paja wa mama mmoja mzee kutoka Buna. Uvimbe ulikuwa umemla mfupa wake hadi ukabaki ganda, na daktari wa upasuaji alikuwa akisubiri kuukata ule ulioharibika ili atie huu wa chuma. Mama yuko wodini hajala tangu jana. Mwanawe mkubwa, mwanamume mzima mwenye ndevu za hina, alikuwa amekuja ofisini kulichukua sanduku.

Injinia alikitoa kile kipande akakielekeza kwenye jua la mlangoni. Kipande kizuri hupitisha mwanga. Ndani yake kuna vijiti vyembamba vya chuma vilivyoshikana kama wavu, na kati ya vijiti kuna matundu madogo madogo, ili mfupa wa mtu uingie humo, umee, ushike. Alikigeuza, akakigeuza tena, kisha akasimama. Palikuwa na sehemu isiyopitisha mwanga. Ule unga wa chuma ambao leza huuyeyusha tabaka juu ya tabaka mpaka umbo litokee ulikuwa umebaki ndani, umeganda kwenye matundu; mfupa usingepata pa kuingia, na unga ukimwagika mwilini ungemwozesha mama.

"Kirudi Nairobi wakakisafishe," nikamwambia.

"Watasafisha nusu," akasema. "Na daktari ana haraka. Akikikuta hapa mezani atakitia."

Akashuka ngazi. Chini ya ofisi yake, pale mtaa wa Galbet mjini Garissa, palikuwa na fundi wa kuchomelea milango. Aliazima nyundo, akakilaza kile kipande juu ya chuma cha fundi, akakiponda mpaka kikalala bapa kama kifuniko cha soda. Yule mwenye ndevu za hina alikuwa amesimama palepale, mikono imemlegea.

"Mwambie mama ale," Injinia akamwambia.

Mama alikula. Kipande kingine kilikawia, na kabla hakijafika uvimbe ulikuwa umepanda kiunoni. Wakamrudisha Buna nyuma ya pikapu, mguu umefungwa leso, akafia huko. Mwanawe alipokuja kutupa habari, Injinia alikuwa anakunywa chai.

"Sikumuua," akasema. "Nilikataa kumuua. Hayo ni mambo mawili." Halafu, mwanamume wa watu akiwa bado anafuta macho, akaongeza: "Ile diski ya picha zake kama mnayo bado, nirudishieni. Uvimbe wa namna ile haupatikani kila siku."

Mimi ni mpiga picha wa hospitali, si wa harusi. Kwetu ni upande wa pili wa mto, mimi Mpokomo, na nimeishi Garissa muda mrefu kiasi kwamba Kisomali nakielewa hata kinaponisema mimi. Niliendesha mashine ya CT kwenye kliniki moja ya watu binafsi karibu na Soko Mugdi. Kazi ya Injinia ilianzia kwangu: mimi nampiga mgonjwa picha vipande vipande, yeye anavishona vile vipande kwenye kompyuta mpaka mfupa mzima unasimama kwenye kioo, kisha anachora sehemu iliyokosekana. Mchoro unaenda Nairobi kwenye mashine inayochapa chuma, na chuma kinarudi kwa basi.

Hakuwahi kuniita kwa jina. "Mpiga picha," basi. Na mimi sikuwahi kumwita vinginevyo ila Injinia, kama mji mzima ulivyomwita, hata wazee ambao mwanzoni walicheka kusikia mwanamke akiitwa hivyo. Alikuwa Msomali, amesomea Uturuki, na Kiswahili chake alikipata shule na sokoni. Pe yake ilikuwa be. Siku ya kwanza nilipoanza kumweleza kwamba mgonjwa alikuwa na maumivu, ndiyo maana alitikisika na picha ikaingia ukungu, alinikatiza: "Nibe bicha, usinibe bole." Hakuna aliyethubutu kumcheka. Nitayaandika maneno yake yakiwa yamenyooka, kwa sababu angechukia kuonyeshwa watu kwa ulimi wake.

Kufundisha alijua, hilo nampa. Aliwachukua wagonjwa na jamaa zao, watu wa mifugo ambao hawajawahi kuona ndani ya kompyuta, akawawekea anjera, ule mkate mwembamba wenye matundu, kwenye sahani. Akaimwagia mchuzi.

"Mchuzi umeenda wapi?"

"Kwenye matundu," wakasema.

"Ingekuwa chapati?"

"Ungemwagika pembeni."

"Basi. Chuma changu ni anjera. Mfupa wako ni mchuzi. Ukitikisa sahani kabla haujaingia, unamwagika. Ndiyo maana ukitiwa chuma hukanyagi chini mpaka nikwambie."

Wakaelewa kuliko mimi nilivyoelewa chuoni. Siku nyingine alikwenda kwa wachinjaji, akanunua mifupa ya ngamia, akaipasua kwa msumeno, akakaa nayo mezani akiichungulia kwa kioo cha kukuzia. Alinionyesha jinsi ndani ya mfupa kulivyo na vijiti, na jinsi vijiti vinavyojipanga kufuata mzigo.

"Mfupa ni mvivu," akaniambia. "Weka karibu yake chuma kigumu kinachobeba kila kitu, mfupa utaona hauna kazi. Utajikondesha mpaka upotee. Kwa hiyo chuma nakitoboa, nakinyong'onyeza, mpaka kiwe dhaifu sawa na mfupa. Kikizidi kidogo, mfupa unakufa. Kikipungua kidogo, kinakatika. Kazi yangu ni hapo katikati."

Lakini baada ya somo alikuwa akiwakata watu maini. Kijana aliyeuliza kama atacheza mpira tena aliambiwa ashukuru kwamba ataenda chooni mwenyewe. Baba aliyesema alimpeleka mwanawe kwanza kwa fundi wa mifupa wa kienyeji alijibiwa mbele ya mtoto: "Basi umemlemaza mwenyewe, mimi unataka nikusaidie nini?" Mtu akilia, aliondoka chumbani. Hakuondoka kwa haraka. Alikusanya kalamu zake kwanza.

Kisa cha dereva wa lori la maji wa Dadaab watu wanakicheka hadi leo, na mimi nacheka nao, ingawa sijui kwa nini. Ngamia alimuuma uso, akaondoka na nusu ya taya. Injinia alimchorea taya mpya kwa kuchukua upande mzima na kuugeuza, kama mtu anavyojitazama kwenye kioo, upande wa kushoto ukawa pacha wa kulia. Upasuaji ukaenda vizuri. Uvimbe ukashuka. Dereva akaletwa kliniki akiwa na mkewe na binti yake mdogo, na kwa kweli alikuwa amependeza, mtu amenyooka uso kama picha ya pasipoti.

Binti akakataa kumwendea. Alijificha kwenye buibui la mama yake akipiga kelele kwamba huyu si aabo, si baba yake.

Ndipo mke akatueleza. Mumewe alizaliwa na taya iliyopinda. Alipocheka, mdomo ulikwenda upande mmoja. Ndivyo alivyokuwa siku zote, ndivyo mtoto alivyomjua.

"Injinia," dereva akasema, na alikuwa anasema kwa shida, "huwezi kuupinda kidogo?"

"Kupinda kulikuwa kosa. Nimelirekebisha."

"Mtoto hanijui."

"Atazoea. Watoto wanasahau haraka kuliko mifupa." Akamtazama mke. "Ungeniletea picha ya harusi kabla, ningempinda. Hukuleta."

Hakuna aliyekuwa amemwomba picha ya harusi.

Na bado mtu huyuhuyu aliogopa damu. Hakuwahi kuingia chumba cha upasuaji hata mara moja. Mtoto alitokwa damu ya pua ofisini kwake akaanguka yeye, Injinia, ikabidi tumpepee kwa bahasha ya eksirei. Alitazama tamthilia za Kituruki alasiri, mlango umefungwa, na nilipopita nilimsikia akilia kwa kwikwi kwa ajili ya msichana fulani aliyeachwa na mchumba. Macho mekundu, anafungua mlango, anamwambia mgonjwa anayengoja kwamba mfupa wake umeoza. Hakuolewa. Nyumbani hakupikiwa na mtu. Mtu mmoja tu aliingia ofisini kwake bila kubisha, naye ni mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa mfanyabiashara wa ngamia. Mwembamba kama mwiko, mcheshi, mwenye haraka ya kila kitu. Hata chai aliinywa amesimama. Alimtania dadake waziwazi. "Abaayo," alikuwa akimwambia, yaani dada, "leo umemliza nani?" Na yeye, ambaye hakuna aliyejua ana meno, alicheka.

Lori lililombeba yeye na ngamia wake lilipinduka kwenye barabara ya Modogashe. Kipande cha mfupa wa paja kilipotea palepale. Nilimpiga picha mwenyewe, na Injinia alikuja kuzitazama akiwa amesimama nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza sikumsikia akilalamikia picha.

Nilipouona mchoro wake, nilishangaa. Vijiti vilikuwa vinene. Matundu yalikuwa yamebanwa.

"Huyu umemwongezea chuma," nikasema.

"Ni mwanamume mzito."

Hakuwa mzito. Tulimjua sote. Lakini sikubishana naye. Hakuna aliyebishana naye kuhusu michoro.

Alitiwa kile kipande. Injinia akamwamuru asikanyage mpaka amwambie, akampa magongo, akampa na anjera na mchuzi wake, na mdogo wake akaila yote akisema somo limemwingia. Siku za kwanza picha zilikuwa safi. Kisha nikaona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ukikizunguka chuma. Mfupa haukuwa umeingia kwenye matundu. Ulikuwa unarudi nyuma. Aliporudi tena mstari ulikuwa umepanuka, na mfupa wa juu yake umefifia.

Mstari kama ule una sababu mbili. Ama chuma kimekuwa kigumu mno, ama mgonjwa amekitikisa kabla hakijashika. Injinia alilijua hilo kuliko yeyote. Akamgeukia mdogo wake pale kitandani kwenye mashine.

"Umekanyaga?"

"Sijakanyaga, abaayo."

"Apa."

"Wallahi sijakanyaga."

Wagonjwa wengine wote aliwashuku. Aliwapima nyayo, aliwauliza majirani zao, alitazama soli za viatu. Huyu alimwamini. Akarudi kwenye kioo cha kompyuta, akatazama kwa muda mrefu vile vijiti vinene alivyovichora kwa mkono wake mwenyewe.

Usaha ukaingia. Daktari alijaribu kuusafisha, akashindwa, akasema mguu ukatwe kabla sumu haijafika moyoni. Jamaa walijaa wodini, wanaume wa ukoo wao, wengine wametoka mbali. Injinia akaingia, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kunong'ona, alisema kwa Kisomali mbele ya wote.

"Kosa ni langu. Nilikuonea huruma nikaongeza chuma. Huruma yangu ndiyo inayokukata mguu."

Mdogo wake akamtazama kwa namna ambayo wakati ule niliichukua kuwa mapenzi. Kisha akatabasamu. "Basi, abaayo, ungenichukia kidogo. Kama unavyowachukia wengine."

Wanaume wakacheka, kwa sababu ilikuwa lazima mtu acheke. Injinia hakucheka.

Mguu ulikuwa wa kuzikwa, kama inavyopasa. Mdogo wake akamtuma mkewe ofisini kuomba kile chuma, ili kizikwe pamoja nao. Kilikuwa kimekaa ndani ya mwili wake, alisema, hakutaka kitupwe ovyo. Nilikuwapo. Injinia alikuwa amekwisha kukipasua katikati kwa msumeno na kukiweka mezani, kila anayekuja akione.

"Mwambie chuma hiki si sehemu yake," akamjibu. "Mfupa wake haukukitaka. Hiki ni changu, nakifundishia."

Mke akasimama kidogo, akaondoka. Tangu hapo mdogo wake hakupanda tena ngazi za ile ofisi. Walipokutana sokoni, yeye kwenye magongo, alipita kama anayepita ukuta. Na kila mgonjwa mpya aliyekuja alionyeshwa kile kipande kilichopasuliwa na kuambiwa: "Hiki nilimchorea mtu ninayempenda. Wewe sikupendi. Utapona."

Wengine walipona. Lakini michoro yake ilikuwa imebadilika, na mimi niliyekaa na picha niliona. Vijiti vilikuwa vimekonda. Matundu yalikuwa yamefunguka sana. Alikuwa akikimbia kosa lake, na kila mchoro ulikwenda mbali zaidi na ule wa mdogo wake. Nilimwambia.

"Injinia, hivi vimezidi wembamba."

"Unene nimefundishwa na mguu wa mdogo wangu. Wewe nani amekufundisha?"

Kulikuwa na mwanamke aliyeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara pale Galbet. Bodaboda ilimkanyaga, mfupa wa mguu chini ya goti ukasagika, akachorewa kipande na Injinia, akakitunza kuliko mgonjwa yeyote ninayemkumbuka. Hakukanyaga mpaka aliporuhusiwa. Alipoanza kutembea alitembea ndani ya ua tu. Siku aliyorudi kazini, aliinua dumu la maziwa, na majirani walisikia mlio wa kitu kukatika kabla ya kusikia yowe lake.

Nilimpiga picha. Vijiti vilikuwa vimekatika vyote mstari mmoja, kama jani lililokunjwa. Injinia akaja, akaangalia, akamwangalia mwanamke.

"Umenenepa," akasema.

"Nimenenepa kwa kukaa," mwanamke akajibu. "Ulinikataza kutembea."

"Nilikukataza kutembea. Sikukwambia ule."

Chuma kilichokatika kilikuwa kimemchana ndani. Mguu ukakatwa. Daktari wa upasuaji akatangaza kwamba hatatia tena kitu chochote kilichotoka kwenye ile ofisi, na wagonjwa wakaanza kwenda Nairobi moja kwa moja. Injinia akabaki na mifupa yake ya ngamia na tamthilia zake. Kwa muda mrefu hatukuonana.

Mwaka jana mdogo wake alifariki. Moyo ulisimama akiwa sokoni, katikati ya kupatana bei. Nilikwenda taziyani, nyumbani kwake Bula Iftin, alasiri, nikakaa na wanawake wenzangu kwenye mikeka. Nilipomwona Injinia akiingia getini sikuamini. Alikuwa amezeeka ghafla, amevaa jilbabu ya kahawia, anatafuta pa kuweka viatu. Wanawake wakasogea. Hakuna aliyemsalimia zaidi ya inavyopasa.

Mjane akamwita akae karibu naye. Alisema taratibu, kwa Kisomali, lakini mkeka ulikuwa kimya na sote tulisikia.

"Ameacha neno lako. Alisema nikwambie akishakufa. Si kabla."

"Sema."

"Alikanyaga."

Injinia akainua uso.

"Aliporuhusiwa kutoka hospitali, wanunuzi walikuwa wamefika Dadaab," mjane akaendelea. "Alikwenda. Alitembea sokoni kutwa bila magongo, akarudi na homa. Akaenda tena. Nilimlilia, akasema mguu ni wake."

Kitu cha kwanza alichouliza Injinia kilinitia baridi. "Alikuwa anabeba kitu?"

"Alikuwa anasukuma ngamia wapande lori."

"Kwa mguu upi?"

"Kwa huohuo."

Injinia akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea vipimo. "Kwa nini hakusema? Aliapa. Hata mguu ulipokatwa, kwa nini hakusema?"

Mjane alikuwa na shanga za tasbihi mkononi, akaziacha. "Ulisimama mbele ya watu ukasema kosa ni lako. Aliniambia tangu azaliwe hajawahi kukusikia ukisema vile. Alisema, mwache aendelee kulisema. Ulipomnyima kile chuma, ndipo akaapa hutajua mpaka yeye awe kaburini." Akammiminia chai, akaisogeza mbele yake. "Sasa nimekwambia. Kunywa."

Hakunywa. Aliinuka, akavaa viatu, na mimi nikamfuata, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeinuka. Nje alijiegemeza kwenye ukuta wa mabati. Mabati yalikuwa ya moto, jua lilikuwa bado kali, lakini hakujitoa.

"Huenda kingeshika," akasema. "Kile kinene. Huenda kilikuwa sawa."

"Injinia..."

"Nyamaza. Wote niliowachora baada yake nimewachora vyembamba kwa ajili ya uongo." Alikuwa anawataja kwa vidole, si kwa majina, hakuwahi kuyajua majina yao: paja la Modogashe, bega la Wajir, yule wa nyonga mwenye watoto pacha. "Waite, mpiga picha. Mashine yako unayo bado. Wapige picha wote upya. Kilichoanza kuchanika nitakijua kabla hakijakatika."

"Wengine wamehamia Kismayu," nikamwambia. "Wengine wamekufa."

"Anza na walio hai."

Nikaanza. Nilipiga simu, nikatuma watu, nikamwomba imamu wa msikiti mmoja atangaze. Injinia alikuja kliniki kila asubuhi akakaa nyuma ya kioo, na kila aliyelala kwenye mashine aliambiwa na yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba chuma kilicho ndani yake kilichorwa vibaya. Mmoja alimtemea mate. Wawili tuliwawahi kabla chuma hakijakatika. Wengi walikuja tu, wakalala, wakaondoka, kama watu wanavyoitikia wito wa chifu.

Mwuza maziwa wa Galbet naye nilimtumia mtu, nikisahau. Alijibu kwa adabu. Alisema anashukuru kwa kukumbukwa, lakini Injinia amsamehe, hana mguu wa kuleta.

Nilimpa Injinia jibu hilo neno kwa neno. Akaniuliza anakaa nyumba gani. Nikamwonyesha. Alikwenda kwa miguu, peke yake, na mwanamke alipomwona kutoka ndani alimwambia bintiye afunge mlango.